Pumzi ya Injini: Namna ya Kuipatia Motokaa Kuukuu Hewa Njema kwa Gharama Ndogo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Watu wakiona motokaa kuukuu imeshindwa kupanda kilima, wengine husema petroli ni mbaya, wengine husema plagi zimechoka, na wengine humlaumu dereva. Ni wachache wanaouliza swali hili jepesi: Je, injini ile yapata pumzi ya kutosha? Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi injini inavyovuta hewa, mambo yanayoizuia, na kazi nne ambazo mtu yeyote mwenye bisibisi, kisu na subira aweza kuzifanya mwenyewe ili kuisaidia. Kazi hizo nilizifanya pamoja na mjomba wangu wakati wa likizo, nyumbani kwetu Kikole, Wilaya ya Kilwa, katika Land Rover 109 yake ya injini ya petroli.

Yafaa kwanza mjue kwa nini jambo hili lilikuwa na uzito kwetu. Kikole ni kijiji cha msitu wa mpingo, nacho pamoja na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji wa misitu mwaka 2009. Lakini sifa ya msitu haiondoi vumbi la njia. Kutoka kwetu mpaka kuifikia lami ni udongo mtupu, na ufuta na korosho husafirishwa wakati wa kiangazi, vumbi linapokuwa jingi kupita kiasi. Motokaa ya mjomba hubeba magunia, tena usiku hubeba wagonjwa na akina mama wajawazito kwenda hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Ikishindwa kilimani, si magunia tu yanayochelewa.

Basi vijana wawili waliojua kidogo habari za magari walimshauri mjomba aling'oe chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eyaklina, alitupe kabisa. Walisema, "Injini itavuta hewa wazi, nayo itapata nguvu kama mpya." Mjomba alikaribia kukubali. Mimi nilimwomba anipe siku tatu tupime kwanza, maana Fizikia inafundisha kwamba neno lisilopimwa ni maoni tu.

Hewa kiasi gani?

Mtu aliyemwona mhunzi akifanya kazi amekwisha kuona injini. Mkaa peke yake hauyeyushi chuma. Lazima mivukuto ipulize. Vivyo hivyo petroli peke yake haina nguvu mpaka ichanganyike na hewa. Kilo moja ya petroli, ili iungue vizuri, yataka karibu kilo 15 za hewa. Tukigeuza hesabu hiyo kuwa ujazo, lita moja tu ya petroli yahitaji kama lita 9,000 za hewa. Hebu fikirini: pipa kubwa la mafuta huchukua lita 200. Kwa hiyo kila lita ya petroli humezwa pamoja na mapipa 45 ya hewa! Sisi twalipia petroli, na hewa twapewa bure, ndiyo sababu twaisahau.

Sasa, hewa hiyo haivutwi kama kamba. Pistoni ikishuka huacha nafasi tupu ndani ya silinda, na hewa ya dunia, kwa uzito wake, hujisukuma kuingia. Kanieneo ya hewa hapa pwani ni sawa na ile ya maji yenye kina cha mita 10 hivi. Likumbukeni sana tarakimu hilo, maana ndilo lililoamua shauri letu.

Vumbi lafanya nini?

Udongo wetu una mchanga ndani yake, na punje za mchanga mwingi ni kwatsi, yaani jiwe gumu linaloweza kukwaruza kioo. Punje kubwa zaonekana kwa macho, nazo huanguka chini upesi. Adui ni zile ndogo sana, nyembamba kuliko unywele, zinazoelea kama moshi nyuma ya kila lori. Zikiingia katika silinda huchanganyika na oili, zikawa kama msasa baina ya pistoni na ukuta wa silinda. Ringi hulika, silinda hupanuka, injini huanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Hapo dawa ni moja tu: kuifungua injini yote na kuifanya upya, na fedha ya kazi hiyo kwa mkulima yaweza kumaliza mavuno ya msimu mzima. Haba na haba hujaza kibaba. Na vumbi nalo hujaza hivyo hivyo.

Jambo hili limewasumbua hata wenye majeshi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za Kiingereza ziitwazo Spitfire zilipelekwa kupigana katika jangwa la Afrika ya Kaskazini. Mchanga ulikuwa ukila injini zake, kwa hiyo zikafungwa chujio kubwa la Vokes chini ya pua. Chujio hilo lilikinga injini, lakini umbo lake kubwa liliipunguzia ndege mwendo, na marubani wakanung'unika. Je, mafundi walilitupa? La, hasha. Katika karakana ya Aboukir, nchini Misri, walitengeneza chujio jingine dogo lililokaa vizuri zaidi. Kama rubani ambaye maisha yake yanategemea mwendo hakuruhusiwa kuruka jangwani bila chujio, sisi wa njia ya Kikole tutajiruhusu vipi?

Jinsi tulivyopima

Nilinunua mpira mwembamba wa plastiki unaopenya mwanga, urefu wake mita 3. Sehemu yake niliifunga juu ya ubao kwa umbo la herufi U, nikatia maji yaliyochanganywa na wino mpaka nusu. Ncha moja niliiacha wazi, na ncha ya pili nilipitisha mpaka kwenye mpira mpana unaotoka katika eyaklina kwenda kwenye kabureta, tukatoboa kitundu kidogo na kukiziba pembeni. (Baadaye kitundu hicho kilizibwa kwa skrubu na gundi ya mpira.) Chombo hiki kila mwanafunzi wa Fizikia anakijua: kama hewa inapata taabu kupita katika chujio, maji hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na tofauti ya vimo viwili ndiyo kipimo cha taabu hiyo.

Mjomba aliendesha, mimi nikakaa kando yake na ubao magotini. Tulipanda kilima kile kile, na mzigo ule ule, akikanyaga mafuta mpaka mwisho. Eyaklina ilipokuwa chafu kama tulivyoikuta, tofauti ilikuwa sentimita 41. Baada ya kuisafisha na kutia oili mpya, ilikuwa sentimita 16.

Sasa fanyeni hesabu nami. Hewa yote husukuma kama maji ya mita 10, yaani sentimita 1,000. Chujio chafu lilikuwa likizuia 41 katika 1,000, au asilimia 4. Chujio safi lilizuia 16 katika 1,000, ambayo haifiki hata asilimia 2. Maana yake ni kwamba kama mjomba angeling'oa chujio safi na kulitupa, faida yote ambayo angeipata isingefika sehemu mbili katika mia, naye angelipa kwa ringi, kwa silinda, na kwa pistoni. Biashara gani hiyo?

Baada ya hapo niliazima nyumbani kwa fundi mmoja kipima joto. Hewa ya nje ilikuwa nyuzi 31 za Selsiasi. Lakini chini ya boneti, mbele ya mdomo wa eyaklina, baada ya kupanda kilima polepole, kipimo kilisoma nyuzi 61. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi. Kwa kila nyuzi 3 hivi hupungua uzito kwa asilimia 1. Kwa hiyo injini ilikuwa inavuta hewa iliyopungukiwa uzito kwa kama asilimia 9. Hapo ndipo mwizi wetu alipokuwa amejificha! Watu walimshuku mlinzi wa mlango, kumbe mwizi alikuwa ni moto wa boneti.

Kazi nne

Kwanza: Kusafisha. Land Rover za zamani nyingi zina eyaklina ya oili. Chini yake pana bakuli lenye oili, na juu yake pana nyuzi za chuma zilizosokotwa kama dodoki. Hewa huingia ikashuka kwa kasi kuelekea kwenye oili, kisha hugeuka ghafla kupanda juu. Vumbi, kwa kuwa ni zito, halikati kona upesi kama hewa. Hujitupa ndani ya oili likazama. Linalobaki hunaswa na nyuzi zilizolowa. Ni chombo cha akili sana, tena hakina cha kununua kila mara. Fungua bakuli, mwaga oili chafu mahali pasipo na kisima wala shamba, kwangua matope ya chini, osha nyuzi kwa mafuta ya taa mbali na moto, ziache zikauke vizuri, kisha tia oili mpya ya injini mpaka kwenye alama. Isipite alama hata kidogo! Oili ikizidi huvutwa ndani ya injini. Na kama injini ni ya dizeli, yaweza kuila oili hiyo na kukimbia yenyewe bila kuzimika. Wakati wa kiangazi mjomba sasa hutazama bakuli kila juma.

Wenye chujio la karatasi, kama lile la Hilux au Corolla, wasilioshe kwa petroli wala kwa maji. Ligongwe polepole juu ya ubao, kisha lipulizwe kwa hewa isiyo na nguvu nyingi kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje kwenda ndani, walisukuma vumbi mahali usipotaka. Halafu tia tochi ndani yake gizani: ukiona tundu la mwanga hata dogo kama la sindano, nunua jipya.

Pili: Kuziba mianya. Chujio zuri halina faida ikiwa hewa yapata mlango wa nyuma. Tulifuta ndani ya mpira mpana, kati ya chujio na kabureta, kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikarudi chekundu kwa vumbi letu! Mpira ulikuwa na ufa chini, mahali ambapo macho hayafiki, na klipu yake ilikuwa imefungwa kwa waya na karakana moja mjini iliyolipwa fedha nzuri kwa kazi hiyo. Tulitia mpira mwingine na klipu mbili za skrubu. Baadaye, ili kuhakikisha, tulipaka grisi nyembamba ndani ya mpira mpya, tukatembea siku mbili, tukatazama: grisi ilikuwa safi. Njia hiyo haina gharama, nayo haisemi uongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe ni wa silinda.

Pia iko mianya baina ya kabureta na injini. Hapo tumia maji ya sabuni: injini ikinguruma polepole, dondoshea maji kwenye maungio. Mlio ukibadilika, au mapovu yakinywewa, gasketi imekufa. Wako watu wanaodondoshea petroli ili kupima. Wasiigwe, maana wengine wamechoma magari yao.

Tatu: Kuleta hewa ya nje. Tulichukua mpira mpana wa rejeta kutoka katika lori bovu, tukaunga kwenye mdomo wa eyaklina, tukaupitisha katika tundu lililokuwa tayari ubavuni, mpaka nje ya boneti. Zishikeni kanuni tatu. Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa eyaklina wenyewe. Kona ziwe chache na za mviringo, kwa kuwa kila kona kali huzuia hewa. Tena bomba likae mbali na bomba la moshi, ama litapata moto na kazi yote itakuwa bure. Nilipopima tena mdomoni, joto lilikuwa nyuzi 34. Sisemi kwamba tulirudishiwa asilimia 9 zote. Katika injini ile njia ya hewa imekaa juu ya njia ya moshi, kwa hiyo hewa hupata moto kidogo kabla ya kufika silindani. Lakini kilima ambacho zamani kilitaka gia ya kwanza, sasa chapandwa kwa gia ya pili na magunia yale yale.

Nne: Kupandisha mdomo wa hewa. Vumbi ni zito zaidi karibu na ardhi, na hupungua unapokwenda juu. Mtu aliyekaa juu ya mzigo wa lori anajua kwamba anakula vumbi kidogo kuliko yule wa baiskeli. Kwa hiyo tulinunua bomba la plastiki la inchi 3, lile la maji machafu, pamoja na viwiko viwili, tukalisimamisha kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, tukalifunga kwa vipande vya bati na boliti. Mdomo wake tuliugeuza nyuma ili usimeze mvua, tukaufunika kwa wavu kuzuia majani na panzi. Maungio yote yalipakwa gundi ya mabomba. Magari ya mashindano ya Safari yametumia dawa hii pia: mwaka 1993 Juha Kankkunen alishinda Safari Rally kule Kenya kwa Toyota Celica yenye bomba la hewa lililopanda mpaka paani.

Bomba hilo lina faida ya pili wakati wa masika. Maji hayakubali kushindiliwa kama hewa. Injini ikinywa maji, pistoni hupanda, hukutana na maji yasiyokubali, na mkono wa pistoni hupinda pale pale. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mvua zilikata barabara kuu katika wilaya yetu, na wote tuliona maji yanavyoweza kupanda. Lakini natoa onyo: bomba la juu haligeuzi motokaa kuwa jahazi. Dinamo na nyaya za plagi bado ziko chini, na maji yaendayo kasi huchukua lori zima. Ukikuta mto umejaa, ngoja upungue.

Hesabu ya mwisho

Vitu tulivyonunua ni mpira mmoja, klipu nne, bomba na viwiko vyake, gundi, boliti, oili na mafuta ya taa. Vyote pamoja havikufika bei ya tairi moja lililokwisha kutumika. Kazi ilichukua siku tatu, nasi tulipumzika jua lilipokuwa kali.

Wanafunzi wenzangu ambao kwao kuna pikipiki au bajaji wasidhani kwamba habari hii haiwahusu. Chombo chochote kinachochoma mafuta ndani ya silinda chapumua, na kwa kuwa pikipiki iko karibu na ardhi, yala vumbi zaidi. Kazi ya kwanza na ya pili zafaa kwa vyombo vyote. Ya tatu na ya nne zitazamwe kwa kila gari jinsi lilivyo. Magari mapya yanayoongozwa na kompyuta mara nyingi yameundwa tayari kuvuta hewa ya nje, basi yasichezewe bila sababu.

Wale vijana wawili walikuja kutazama ubao wangu wa maji. Mmoja alikaa magotini nao akapanda kilima pamoja na mjomba, akajisomea mwenyewe sentimita 16. Alishuka akauliza, "Na pikipiki yangu, tutaipima lini?" Kwa hiyo likizo ijayo nimekwisha kupata kazi.

Fundi mzuri si yule anayeondoa vitu ili injini ipige kelele. Fundi mzuri huuliza kwanza: hewa yaingia wapi, ina joto gani, ina vumbi kiasi gani, na inavuja wapi? Akishapata majibu manne, ndipo ashike bisibisi.